Kila Mtu na Kiti Chake

Tarehe 5 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni, miguu nimeipandisha juu ya ndoo, maana fundi bomba wa nyumba hii, yaani mume wangu, anaziba mabomba ya mji mzima isipokuwa la kwake. Sakafu imekuwa bwawa. Mjukuu wako amepoteza jino la mbele na anaonyesha pengo kwa kila mgeni. Mafua yalitupitia sote, sasa yameondoka. Na nyinyi huko? Nasema nyinyi kana kwamba bado mko wengi, kumbe umebaki peke yako.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Ile notisi ya mwenye nyumba umeitaja kwa mstari mmoja tu, tena chini kabisa, baada ya habari ndefu za paka wa jirani. Barabara inapanuliwa, jengo linavunjwa mwisho wa Mei, na wewe unanisimulia paka! Nimekosa raha tangu siku hiyo. Chumba kipo hapa. Mume wangu ndiye aliyelitamka wa kwanza, sikumsukuma. Njoo ukae nasi.

Kazini nako kumenitia kiwewe. Unajua mchana pale chekechea mimi ndiye ninayesimama getini kuwakabidhi watoto kwa wenyewe. Kila mzazi nimempa nguzo yake ya uzio asimame hapo. Mama wa mapacha anasimama kwenye nguzo yenye ufa, babu mwenye mkongojo kwenye ile iliyo karibu na bomba. Wananitania, wananiita Trafiki. Nacheka nao, ila nguzo sibadilishi. Sasa wiki iliyopita baba mmoja kanyoa ndevu zake zote, halafu akaja kusimama upande wa pili kwa sababu kuna kivuli. Nikamkatalia mtoto wake. Mtoto anaruka, "Baba! Baba!", nami nimemshika mkono simwachii. Mwalimu Mkuu alitoka ofisini kwa kelele zile. Nikasema jua lilinipiga machoni.

Alivyonitazama sikupenda. Tangu siku hiyo nalala roho juu. Leo nimemkatalia mwenye mtoto. Kesho, Mungu apishe mbali, nitampa asiye mwenye mtoto.

Labda nahitaji miwani tu. Tuyaache hayo. Jibu kuhusu chumba.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 27 Februari

Chiriku,

Marahaba. Ningesema barua yako ilichelewa posta, lakini ilichelewa hapa mezani kwangu. Mjukuu mpe pole na hongera kwa pamoja. Mkwe wangu mwambie aanze na bomba la kwake. Goti langu linauma asubuhi, mchana linasahau. Paka amezaa, mwenye paka amehama, kwa hiyo sasa nina paka.

Hawakungoja Mei, upande wa mbele wa jengo wameshauvunja. Tuliobaki tunatumia ngazi moja, ile ya nyuma, na jambo hilo limenivuruga kuliko vumbi na kelele. Zamani aliyetokea mlango wa buluu alikuwa mshonaji, na aliyeshuka kutoka juu alikuwa muuguzi. Sasa wote wanatokea kona moja. Juzi nilimpa mshonaji pole ya kufiwa na mumewe, kumbe mume huyo yuko nyuma yake kabeba godoro. Aliyefiwa ni muuguzi. Uzee huo, usianze kuhangaika.

Kuhama si jambo dogo. Nilipokuwa mpokea simu, mji huu wote niliujua kwa sauti. Mtu akisema "haloo" tu nimeshamjua yeye na shida yake. Nikirudi nyumbani nilikuwa na nyinyi na viti vyenu. Wewe kile kifupi karibu na mlango wa jikoni, baba yako pembeni mwa dirisha, chini ya saa. Mliniita Jemadari mkidhani sisikii. Kila mtu na kiti chake, na atakayekalia cha mwenzake hali. Baba yako amekufa, lakini nikiingia sebuleni bado yupo pale dirishani, na siku watakapoling'oa lile dirisha, mimi

Chai imechemka, nimesahau nilitaka kusema nini.

Nijibu haya. Nyumba yako ina milango mingapi? Mkwe wangu jioni hukaa wapi, na je, hukaa hapohapo kila siku? Sakafu ya chumba hicho ni ya nini? Usiniulize kwa nini nataka kujua.

Shangazi yako


Tarehe 10 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Paka mlete ukitaka, panya tunao wa kumtosha. Sisi wazima, na bomba limezibwa, likafumuka, likazibwa tena.

Umeniuliza maswali ambayo watu hawaulizi, na mimi nimeyafurahia, maana hivyo ndivyo ninavyozijua nyumba. Milango ni miwili. Wa mbele unakwaruza sakafu, wa jikoni una kengele ndogo ya baiskeli aliyoifunga mjukuu wako. Korido ni ya saruji, baridi hata wakati wa joto, na katikati pana kishimo ambacho mguu wangu wa kushoto unakijua. Chumba chako kina mbao, zinalia ukikanyaga karibu na kitanda. Kina harufu ya sabuni kwa sababu tulikuwa tunaweka sabuni humo. Mume wangu hakai mahali pamoja. Huyo ni mtu wa kuhamahama, leo kochi, kesho ngazi za nje, na kusema kweli hilo linanichosha.

Ulipomtaja baba umenigusa. Nikifumba macho nimkumbuke, simwoni yeye. Naona dirisha, na ukuta pale rangi ilipobanduka alipokuwa akiegemeza kichwa, na nasikia ile saa yenu inavyochechemea, mlio mmoja mrefu mmoja mfupi. Nilimwambia hivyo mume wangu tulipokuwa wachumba, akacheka akasema hakuna mtu anayemkumbuka baba yake kwa ukuta. Sikuyarudia tena.

Sasa tupange. Jumamosi tarehe 6 Aprili. Stesheni wameijenga upya, usiitafute ile ya zamani. Ukishuka, nyoosha moja kwa moja mpaka benchi linalotazama chumba cha mizigo. Nitakuwa hapo tangu asubuhi. Vaa shali yako ya kijani. Mimi utanijua kwa misuko, iko vilevile mpaka kiunoni.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 22 Machi

Chiriku,

Nimeisoma korido yako mara nyingi hata naweza kuipita bila taa. Marahaba, na salamu kwa wote.

Nitakuja. Nina woga ambao sikuwa nao hata siku nyaya ziliposhika moto kazini. Kaa palepale uliposema. Usisogee hata kwa kununua maji.

Shangazi


Tarehe 8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima. Mjukuu wako alikutandikia kitanda mwenyewe, na mpaka leo hataki mtu akikalie.

Hukuja. Nimejaribu kuanza kwa namna nyingine nimeshindwa, kwa hiyo nasema tu: hukuja.

Nilifika kabla ya treni ya kwanza. Watu walishuka, wakapita, wakashuka wengine, nami natafuta kijani. Nilikununulia ule mkate wa maziwa unaoupenda, nikausokotasokota mfuko wake wa karatasi mpaka ukachanika. Kando yangu aliketi bibi mmoja, naye bila shaka alikuwa anamngoja mtu wake asiyefika. Alimenya chungwa akanipa nusu bila neno, nikapokea bila neno. Nilitaka kumwuliza kama treni yake ndiyo yako, kama alimwona mama mwenye shali ya kijani. Nikashindwa. Mwezi uliopita nilimkumbatia mwanamke sokoni nikamwita wifi, kumbe hanijui simjui, na watu wakaangua kicheko. Tangu hapo mdomo wangu nimeufunga mbele ya wageni.

Kikapuni mwake mlikuwa na kitu kinacholia. Sijui kwa nini mlio ule ulinituliza. Pale penye makelele yote nikajihisi niko nyumbani, hata nikasinzia. Nilipozinduka bibi hayupo, na mfagizi ananiomba niinue miguu.

Kama hukutaka kuja ungeniambia. Nilikukosea nini?

Chiriku


Tarehe 8 Aprili

Chiriku,

Nimerudi salama, usihangaike, kama ulihangaika. Goti limevimba. Paka alinipokea vizuri.

Nilishuka, nikanyoosha moja kwa moja, nikakaa kwenye benchi uliloliandika. Nilikuja na saa ya ukutani, niliona ndiyo kitu pekee cha nyumba hii kinachobebeka. Kioo chake nilikifunga kwa ile shali ya kijani kisivunjike, nikaitia kikapuni. Najua tulikubaliana niivae. Lakini nilijiambia, mtoto niliyemlea kwa mikono hii atashindwa kunijua kwa sababu ya kitambaa?

Misuko mirefu haikutokea. Jirani yangu pale benchi alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi kama za mwanafunzi, ana mfuko wa karatasi anaukamua kama nguo mbichi. Nilimwonea huruma nikampa nusu ya chungwa langu. Hata yeye alinichoka akasinzia. Kengele ya treni ya kurudi ilipopigwa nikaondoka, maana ningelala stesheni.

Nafikiri ulikuja, ukaniona kwa mbali, kizee na kikapu chake, ukafikiria miaka utakayoishi nacho, ukageuka. Sikulaumu, una nyumba yako na watu wako. Ila tusizungumze tena habari za chumba.

Shangazi yako


Tarehe 19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Ule mfuko wa karatasi ulikuwa wangu.

Barua zetu zimepishana njiani. Yako nimeisoma nimesimama getini, na nilipofika kwenye chungwa nikakaa chini, watoto wakadhani ni mchezo nao wakakaa. Yule mwenye nywele fupi ni mimi. Chawa waliingia chekechea, wiki ileile ya safari yako nikaikata misuko yote, wala haikunijia kukuandikia. Na wewe ndiye bibi wa kikapu. Kilichokuwa kinalia humo ni saa yetu, Shangazi! Masikio yangu yaliijua nyumba ikiwa ndani ya kikapu, na macho yangu hayakukujua wewe uliyekipakata.

Acha niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Watu siwajui kwa nyuso. Sijawahi. Macho nayaona, pua naiona, mdomo nauona, lakini nikigeuka kidogo vyote vimefutika. Ninachokishika ni mahali. Nguzo ya uzio, kiti, mlango, ngazi, hivyo havinipotei kamwe, na mtu namjua kwa sababu yuko pale anapokuwa siku zote. Akihama, simwoni tena. Ndiyo maana nilimkatalia yule baba mtoto wake. Si jua, wala sihitaji miwani.

Sasa naomba uniambie kweli. Wewe je? Mshonaji uliyempa pole ya bure, maswali yako ya milango, na ile sheria ya viti. Ile sheria, Shangazi! Mimi nimeihamishia getini kwangu bila kujua nimeitoa wapi.

Kazi yangu ni kuwakabidhi watoto kwa wenyewe. Mwenyewe wangu nimekaa naye benchi moja, nimekula chungwa lake, nikamwacha aondoke. Siku hiyohiyo niliyoisoma barua yako nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikayamwaga yote, maana niliona kinachoweza kutokea. Akasema kuanzia sasa kila mzazi ataje jina la mtoto wake kwa sauti, na mwalimu mwingine asimame nami. Hajanifukuza. Sijui kama atanifukuza.

Usininyamazie. Mei inakuja.

Chiriku


Tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina habari za paka.

Ndiyo, na mimi. Nimezeeka na jambo hili bila kulisema, hata kwa kaka yangu, baba yako. Nilidhani ni upungufu wangu peke yangu, kwamba wenzangu wanajitahidi zaidi. Niliipenda kazi ya simu kwa sababu huko hakuna anayekutarajia umjue kwa sura. Na viti, ndiyo, hukukosea. Mlidhani nawafundisha adabu. Nilikuwa nataka kujua nani yupo mezani na nani bado hajarudi. Mlipobadilishana viti kunichokoza, moyo ulinienda mbio, nikafoka, na nyinyi mkacheka.

Sasa utaelewa ile sentensi niliyoiacha njiani. Picha za baba yako ninazo. Nikizitazama namwona mwanamume mwenye shati jeupe, anaweza kuwa mtu yeyote. Lakini dirisha lile likiwepo, naye yupo. Wakilivunja nitakuwa nimefiwa naye mara ya pili, na safari hii sitakuwa na pa kumkumbukia. Hilo la kwanza. La pili ni kwamba ninahamia kwenye nyumba ya watu nisiowajua, na mmoja wao ni wewe. Naogopa, Chiriku. Sijawahi kumwandikia mtu mwingine neno hilo.

Lakini kubaki siwezi. Muuguzi ameondoka jana, mshonaji leo. Nyayo nikizisikia kwenye ngazi sijui tena ni za jirani au za mwizi.

Nitakuja Jumamosi tarehe 11 Mei, benchi lilelile. Shali nitaivaa hata jua liwake namna gani, na saa nitaifunga kwa shuka. Lakini vitambaa tumeshaviona. Tulichokosa siku ile ni sauti. Nimewajua watu kwa neno moja kwa miaka yangu yote ya kazi, na wewe ndiye Chiriku ambaye ulikuwa hunyamazi hata ukilala, tukakaa bega kwa bega kimya kama magunia. Kwa hiyo nitaita. Nitaita katikati ya stesheni na kumwuliza kila atakayenikaribia. Nikimkosea mtu atacheka, na acheke. Nikikukosa wewe tena, sina mlango wa kurudia.

Shangazi yako


Tarehe 13 Mei

Mwanangu,

Barua hii haina stempu. Nimeiegemeza kwenye birika ili uione ukirudi kutoka kazini. Najua tunaweza kuzungumza, lakini tangu Jumamosi kila tukianza unalia, na mjukuu anadai saa ni yake.

Nataka nikuambie nilichokiona stesheni. Nilipopaza sauti, "Chiriku!", watu wengi waligeuka. Zilikuwa nyuso tupu, safu nzima, hakuna hata moja iliyoniambia kitu, na nilijuta kupanda treni. Halafu mmoja akasema, "Abee, Shangazi." Basi. Katika ukumbi wote ule nikajua niko wapi.

Leo asubuhi nilipita korido yako, kishimo nimekikuta pale ulipokiandika. Mkwe wangu alikuwa ameshapigilia msumari kando ya dirisha akaitundika saa, kisha akaketi chini yake kusikiliza kama inatembea. Nilitokea mlangoni nikaona mwanamume mwenye shati jeupe, dirisha, na ile saa inachechemea. Kwa muda mfupi kaka yangu alikuwa hai. Kisha akasema, "Shikamoo Shangazi, bomba limepona." Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta kijiko.

Sijamwambia. Mwambie wewe, kwa maneno yako, akae hapo jioni kila siku, aache kuhamahama. Mimi nimechukua kiti cha karibu na kabati. Kiti kifupi nilichokikuta kwenu nimekiweka kando ya mlango wa jikoni, kiwe chako kama zamani, na mjukuu nimeshamfokea mara moja kwa kukikalia.

Na wewe jioni, ukifika, usiingie kimya. Sema kitu ukiwa bado mlangoni, lolote, hata kama ni kulilaumu bomba. Nitakuwa kitini kwangu, na nitakuitikia.

Shangazi